Zamu ya Kukaanga

"Kama mtu ana karai lake, kuni zake na mafuta yake, na samaki wako pale mchangani wanauzwa, ni nani aliyepewa haki ya kumwambia asikaange?"

Mama mdogo aliniuliza swali hilo asubuhi moja tukiwa tumekaa barazani kwetu, kusini ya Msambweni. Yeye alikuwa akimenya vitunguu saumu kwa kucha, nami nilijifanya nasoma tangazo la kazi kwenye simu. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, na nyumbani kwetu shahada hiyo ilichukuliwa kama dawa iliyonunuliwa ghali ambayo sasa lazima itibu kitu. Nilikuwa na majibu mawili, kila moja likilipinga jingine. Nikasema, "Inategemea."

"Inategemea," akarudia, akitupa ganda uani. "Miaka minne tumekuchangia, umerudi na inategemea."

Mama mdogo ndiye anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Alikuwa amefanya kazi katika jiko la hoteli moja ya Diani tangu mimi nikiwa msichana wa shule ya msingi. Alianza kwa kuosha sufuria, akaishia kwenye meza ya kuandaa samaki. Kisha msimu mmoja wageni walipungua, hoteli ikafunga upande mzima wa vyumba, na watu wakaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Alirudi kwetu na mkoba wa nguo, visu vyake, na hasira ambayo ilikuwa bado haijapata wa kumshukia. Chumba cha ziada kilikuwa kimoja, nami nilikuwa ndani yake. Basi tukawa wawili tusio na kazi kwenye kitanda kimoja, mwenye shahada na mwenye ujuzi, na wote wawili tukiamka alfajiri bila sababu.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Alitaka kukaanga samaki bandarini, kama mama.

Tunapoita bandari si gati wala meli. Ni kipande cha ufuo ambapo mashua za wavuvi hupwelewa, pamoja na banda moja la mabati lenye sakafu ya saruji lililojengwa na mradi fulani nilipokuwa mtoto. Ndani ya banda yamejengwa meko kumi na mawili, sita kila upande. Wanawake wanaokaanga hapo huitwa mama karanga, nao walikuwa kumi na wawili. Samaki wakubwa huchukuliwa na tajiri, mwanamume mwenye gari na masanduku ya barafu anayeuza katika hoteli. Samaki wadogo, yaani vibua, tasi na pono wasiofika kiganja, ni wa kina mama. Wanawakaanga pale pale na kwenda kuwauza mitaani, barabarani, wengine hadi Kombani siku za soko.

Lakini hakuna mwanamke aliyeamka tu akanunua. Kulikuwa na zamu. Leo wananunua watatu, kesho watatu wengine, na bei ilikuwa imekubaliwa na wavuvi kabla mashua haijatoka. Aliye na zamu hashindani na mtu. Ila naye alikuwa na wajibu wake, na huo ndio mama aliokuwa akinitajia kila nilipoanza kuchokonoa. Mwenye zamu lazima awachukue samaki wote wadogo walioletwa. Wakija wachache, riziki yake ni hiyo. Wakija wengi hadi watu wamekinai vibua, bado atawachukua wote, hata kama nusu atawala yeye na majirani bila malipo. Mvuvi hatarudi nyumbani na samaki wa kuoza.

"Huo ni muungano wa kuzuia ushindani," nilimwambia mama siku moja.

"Ni muungano wa kula," akanijibu, na akaendelea kupara samaki.

Sikutosheka. Chuoni tulikuwa na mhadhiri aliyependa kuchora mistari miwili ubaoni, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na pale ilipokutana aliweka nukta na kutabasamu kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Kila kizuizi, alisema, ni mtu fulani aliyefungiwa nje ya mlango. Leseni ni kizuizi, kodi ni kizuizi, chama cha wafanyabiashara ni kizuizi. Niliandika insha ndefu kumuunga mkono na nikapata alama nzuri. Nilikuwa nimeshaimaliza niliporudi likizo nikamkuta mama akihesabu kwa vidole siku za zamu zilizobaki kabla ya muhula kufunguliwa, ndipo nikatambua kwamba ada iliyonifundisha kuchukia milango iliyofungwa ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa. Tangu siku hiyo nikawa siwezi kukaa upande mmoja wa hoja. Mtu akisifu soko huria namuuliza kuhusu mama yangu. Akisifu utaratibu namuuliza kuhusu mama mdogo. Nimepoteza marafiki kadhaa kwa tabia hiyo.

Ombi la mama mdogo lilipelekwa kikaoni siku ya Ijumaa baada ya swala, kwa sababu Ijumaa moto hauwashwi. Wanawake walikaa kwenye kingo za meko, miguu imenyooshwa. Mimi nilikaa karibu na nguzo. Kiongozi wao, ambaye wote tulimwita Bimkubwa, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole kiasi kwamba ulichelewa kugundua amekukatalia.

"Shikamoo, Bimkubwa," mama mdogo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za Diani?"

"Diani wamenirudisha."

"Poleni. Mungu atafungua kwingine."

"Nimekuja kuomba mnifungulie hapa."

Wengine wakacheka, kicheko kizuri tu. Bimkubwa alingoja kikaisha. "Hapa, mwanangu, tumejaa. Unaona mwenyewe. Meko ni kumi na mawili na sisi ni kumi na wawili. Hii ni hesabu ya wazee. Bahari yetu inaweza kulisha meko kumi na mawili, si zaidi."

"Nani aliipima bahari?"

"Ebo," mmoja akasema. "Huyu hoteli imemharibu."

"Nauliza tu."

"Akifa mmoja wetu tutakuita," mwanamke mwingine akasema. "Mimi nina kikohozi, niombee." Wakacheka tena, na mama mdogo naye akacheka, kwa sababu yule mwanamke alikuwa na uzima wa kubeba gunia. Mama alikuwa ameinama akikwangua masizi kwenye ukingo wa jiko lake.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza mama kwa nini hakumtetea ndugu yake. Aliniambia kwamba kila mmoja pale alikuwa na ndugu. Jibu hilo lilinikera kwa muda mrefu, kwa vile sikuweza kuliangusha.

Juma lililofuata mama mdogo aliweka mafiga matatu mchangani, hatua chache kutoka bandani, akawasha moto. Kisha alifanya jambo ambalo pale kwetu halikuwa likifanywa. Mashua zilipokaribia alipandisha leso yake, akaingia majini hadi magotini, akanunua samaki kabla hawajafika kwenye sakafu. Aliongeza kidogo juu ya bei ya zamu. Siku ya kwanza mvuvi mmoja tu alimuuzia, huku akitazama kando. Siku ya tatu walikuwa wakimwita kwa mkono kutoka mbali.

Miongoni mwao alikuwa kijana niliyesoma naye sekondari, aliyesomea mapishi ya hoteli katika chuo kimoja na asipate hoteli. Nilimuuliza kama haoni vibaya kuvunja makubaliano.

"Makubaliano gani? Mimi sikukubaliana na mtu, nimeyakuta," akasema. "Nilisomea kumpikia mgeni samaki. Sasa namvua. Angalau niuze ninavyotaka."

"Na siku samaki wakijaa, nani atakununulia wote?"

"Siku hiyo nitakupigia wewe simu, msomi. Utakuja na nadharia tuwafungie."

Nyumbani hali ilikuwa ya kuchekesha na ya kuchosha. Dada hao wawili walikuwa hawajagombana wala kutukanana, ila walikuwa wameacha kusemezana moja kwa moja. Tulikula sinia moja. Mama akisema, "Mwambie mama yako mdogo chumvi iko hapa," na mama mdogo, ambaye goti lake liligusana na la mama, akisema, "Mwambie mama yako nimeiona." Mimi nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili.

Usiku, kabla ya kulala, mama mdogo alizungumza nami kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu wa nadharia. Alisema kwamba alipokuwa hotelini aliwaona wapishi wanafunzi wakibembeleza wafanye kazi bila malipo, ili tu majina yao yajulikane. Alisema Ukunda imejaa wanawake waliopoteza kazi kama yeye, na kila mmoja ana biashara ile ile ya viazi karai mbele ya nyumba ile ile, wanauziana wao kwa wao. "Huko hakuna zamu," alisema. "Kila mtu ni huru. Na hakuna anayekula." Nilikaa kitandani. Nilimuuliza, ikiwa ameona hivyo, mbona anataka kuileta Ukunda hapa? Akasema, "Kwa sababu hapa mimi niko nje."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu ukosefu wa ajira. Sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo.

Wanawake wa banda walivumilia kwa muda. Mwanzoni walimnyima moto. Alipokuja na kijinga kuomba kaa aliambiwa kaa limezimika, hali linawaka. Baadaye walimtungia maneno, wakimwita "hoteli", na wakipita karibu wakiuliza kwa sauti kama leo chakula cha mchana kina kitindamlo. Mama mdogo alikuwa na ulimi pia. Aliwajibu kwamba kwa wenye zamu, kitindamlo ni kusubiri kesho.

Kisha wakafanya kosa lao. Wawili kati yao walikwenda kwa maafisa wa afya wakasema kuna mwanamke anayekaanga samaki mchangani, penye inzi na mbwa, bila cheti. Mama alijua wamekwenda. Hakuwatuma, hakuwazuia.

Maafisa walifika siku ya Jumanne asubuhi, mwanamume na mwanamke, wakiwa na viatu vya kufunika ambavyo havikupenda mchanga. Walimwamkia Bimkubwa kwa heshima. Wakaelekezwa kwa mama mdogo. Yule afisa mwanamke akamwomba cheti cha afya, kile wanachotakiwa kuwa nacho watu wote wanaoshika chakula cha kuuza.

Mama mdogo alinawa mikono, akaifuta vizuri, akafungua pochi, akakitoa. Hoteli ilikuwa ikiwapima wafanyakazi wa jikoni kila cheti kilipokaribia kuisha, na chake kilikuwa kingali hai. Afisa alikisoma mbele na nyuma.

"Sawa kabisa," akasema. "Ila hapa mchangani hapafai. Tutazungumza." Kisha, kwa sababu alikuwa ameshafika na kazi yake ndiyo hiyo, akageuka kwenye banda. "Na nyinyi kina mama, vyenu?"

Sijawahi kusikia banda lile likiwa kimya hivyo samaki wakiwa kwenye mafuta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti. Wengine hawakuwahi kupimwa tangu kuzaliwa watoto wao wa mwisho. Bimkubwa alianza kueleza kwa upole kwamba wao wako hapo tangu zamani, na afisa akamsikiliza hadi mwisho, na kwa upole vile vile akasema moto uzimwe hadi watakapopimwa. Aliyeruhusiwa kukaanga pale alikuwa mtu mmoja, na aonyeshwe nafasi kwenye sakafu.

Ndivyo mama mdogo alivyoingia bandani. Alikaa kwenye jiko la kwanza upande wa bahari, jiko la Bimkubwa, na meko kumi na moja yakiwa yamepoa kumzunguka.

Nilidhani nitaona alichotaka kikitimia. Mlango ulikuwa wazi. Kwa siku mbili aliwalipa wavuvi bei yake ile ile ya juu. Siku ya tatu vibua walikuja kwa wingi, maana msimu wao ulikuwa umefika, na akagundua kitu ambacho mhadhiri wangu angekigundua kwa chaki. Samaki wadogo walikuwa na mnunuzi mmoja tu. Tajiri hakuwataka, masanduku yake yalikuwa ya changu na nguru. Akashusha bei. Kesho yake akashusha tena. Alichagua wanene akawaacha wengine.

Yule kijana niliyesoma naye alisimama mbele yake na ndoo imejaa.

"Mama, jana ulinichukulia wote."

"Jana ilikuwa jana. Karai langu ni moja."

"Hawa niwapeleke wapi?"

"Soko huria, mwanangu. Tafuta mnunuzi mwingine."

Kijana alinitazama mimi, si yeye. Kisha akamwaga ndoo pembeni ya mashua, na kunguru wakashuka. Mama mdogo aliendelea kugeuza samaki. Alikuwa na kibandiko kwenye kidole gumba alipojiunguza, na nakumbuka nilikitazama hicho ili nisitazame uso wake. Nilijaribu kumchukia kidogo na sikuweza. Alikuwa amefukuzwa kazi. Alikuwa amefukuzwa bandani. Sasa kwa siku chache kila mtu alikuwa akimhitaji, na sheria ambayo hakuitunga ndiyo iliyomweka hapo. Ningekuwa mimi ningefanya nini?

Jioni alimwambia mama, moja kwa moja, bila kupitia kwangu. "Dada, njoo unisaidie kupara. Nitakulipa."

Mama alikuwa akikunja nguo. "Unilipe mimi?"

"Si vibaya. Uko bure."

"Niko bure," mama akasema. Alimaliza kukunja, akaziweka nguo juu ya sanduku. "Nitakuja. Usinilipe. Ila utawachukua wote."

"Wote siwezi kukaanga."

"Tutawachoma, tutawaanika. Wale ambao hatutaweza, tutawaweka chumvi. Lakini hakuna ndoo itakayomwagwa pale mimi nikiwa hai."

Alfajiri walitoka pamoja. Nilifuata nikiwa na visu. Kwa muda uliobaki wa msimu huo wa vibua, dada hao walikaa kwenye jiko moja, mmoja akiwa na cheti na mwingine akiwa na mikono tu, wakigombana kuhusu mafuta, kuhusu limau, kuhusu nani alimwibia nani kanga mwaka gani, na ndoo hazikumwagwa. Nilijua tulikuwa tunavunja sheria, kwa kuwa mama naye alikuwa akishika chakula. Niliwauliza. Mama mdogo akasema, "Huyu hashiki chakula, anashika samaki mbichi," na ingawa hoja yenyewe haikusimama, hakuna aliyetaka kuiangusha.

Yeye ndiye pia aliyewapeleka wenzake kupimwa. Hilo halikutarajiwa na mtu. Bimkubwa alikuja nyumbani adhuhuri moja, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza hali ya kila mmoja wetu, hata paka, kisha akasema kwamba wanawake wanaogopa. Walikuwa wamesikia kwamba utatakiwa upeleke choo chako kwenye kijikopo mbele za watu.

"Si mbele za watu," mama mdogo alisema. "Unakwenda msalani peke yako. Kijikopo wanakupa."

"Na ukikutwa na kitu?"

"Unapewa dawa, unarudi. Hotelini mpishi mkuu alikutwa na minyoo, Bimkubwa. Mzungu mzima."

Bimkubwa alicheka hadi akashika mbavu. Juma lile mama mdogo aliwaongoza kwa makundi hadi hospitalini Msambweni, akiwaonyesha mlango wa kuingilia na dirisha la kulipia, akiwakaripia waliojaribu kutoroka. Wale wawili waliokwenda kumshtaki walikuwa nyuma ya foleni, kijikopo kimefichwa ndani ya buibui, wakimwita dada.

Vyeti vikatoka. Maafisa wakarudi, wakatoa masharti yao, na moto ukaruhusiwa. Ijumaa ikaitishwa kikao kingine, na safari hii ombi la mama mdogo lililetwa na mama yangu mwenyewe.

"Huyu apewe zamu," mama akasema. "Nyote mmeona."

Walikuwa wameona, na wengi walitikisa kichwa kukubali. Nilifikiri limekwisha. Lakini Bimkubwa akazungumza, nami nilisikiliza nikitafuta ubaya katika maneno yake na sikuupata.

"Mwanangu, umetusaidia, na Mungu atakulipa. Mimi binafsi nakutaka radhi. Lakini maafisa wamesema kukaanga ni chini ya mabati tu, juu ya saruji tu. Meko ni kumi na mawili. Nikikupa wewe, namtoa nani? Na nikisema tubanane, tuwe kumi na watatu, hapo nje kuna wasichana wangapi hawana kazi? Wote ni watoto wetu. Kesho watakuja ishirini. Nitamwambia nini wa kumi na nne?" Akanigeukia. "Wewe umesoma haya. Sema."

Nilisimama. Nilipendekeza wawili wagawane jiko moja. Nilipendekeza mama mdogo awe mnunuzi wa siku za samaki wengi. Nilipendekeza banda liongezwe. Kila nilipomaliza sentensi nilisikia swali linaloivunja kabla mtu hajaliuliza, na nadhani sauti yangu ilionyesha hivyo. Kuhusu kugawana, kila mmoja alitazama jiko lake. Kuhusu siku za samaki wengi, mama mdogo mwenyewe alisema hataki kuwa jalala la siku mbaya. Kuhusu kuongeza banda, mtu aliuliza fedha za mabati na saruji zitatoka wapi, na msingi mpya utachimbwa na nani, katika mchanga ule unaokula nguzo. Hapo nikakaa.

Waliinua mikono. Waliotaka aingie walikuwa wanne, mama akiwa wa kwanza. Wengine walitazama chini. Mama mdogo aliwashukuru mmoja mmoja. Alimbusu Bimkubwa mkono.

Kwa muda alijaribu viazi karai barabarani. Askari wa kaunti wakamhamisha mara mbili, na pale alipohamishiwa walikuwa tayari wanawake watano wenye viazi karai. Baadaye akapata wakala wa kazi za Uarabuni. Nilimsaidia kusoma mkataba na nikamwuliza maswali mengi kuhusu kila kifungu, hadi akaniambia ninyamaze, kwamba anajua kuwa ni mbaya na kwamba ndio uliopo. Siku ya kuondoka mama alimfungia samaki wakavu kwenye gazeti, akijua fika kwamba uwanja wa ndege watawatupa. Walisimama mlangoni wakiambiana mambo ya paa linalovuja.

Alikaa huko katika nyumba ya watu, akipika. Alipopiga simu sikuweza kujua anasema ukweli kiasi gani, kwa sababu siku zote kulikuwa na mtu karibu naye. Aliuliza habari za bandari. Aliuliza kama kuna aliyekufa, na nilipomwambia hapana alisema, "Alhamdulillahi," na nilisikia kwamba anamaanisha hivyo na kwamba hapo hapo alikuwa akihesabu.

Mimi nilipata kazi ya mkataba mfupi, kuwahoji wachuuzi kuhusu masharti ya biashara zao, kutoka Kinango hadi Majoreni. Niliwauliza wengine maswali ambayo nilikuwa nimeshindwa kuyajibu. Nilizoea kusikia kila kundi likieleza idadi yake kwa fahari. Sisi ni wanane, sisi ni thelathini, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Niliandika tu.

Siku moja Kombani, nikiwa nangoja mvua ikatike chini ya kibanda cha soko kilichokuwa kikijengwa, nilizungumza na fundi mwashi wa makamo. Alipojua ninakotoka alisema kwamba alijifunza kazi huko, kwenye lile banda la kukaangia samaki, alipokuwa bado akimchanganyia mwalimu wake saruji. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, kwa nini walijenga meko kumi na mawili.

Alinishangaa. Akaniambia walijenga ishirini na manne, yote na sakafu yake, ila mabati yaliyoletwa yalitosha kuezeka nusu, na ile nusu nyingine ingali pale upande wa kusini, imefunikwa na mchanga usiofika magotini.